Magari ya Umeme Yamepita Asilimia Mia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe, kwa kuwa mgeni rasmi tuliyemwalika amepata udhuru, na aliyetakiwa kumwakilisha naye amepata udhuru wa kumsindikiza mwenye udhuru, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kufuatilia Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Katibu wangu, unayenishikia mwavuli, waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, madawati na meza, waheshimiwa wa meza kuu mlioko kivulini, ndugu zangu wananchi mlioko juani, wenye magari, wenye nia ya kuwa na magari, na wenye miguu: itifaki yote naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, na yeyote ambaye sikumtaja ajihesabu yumo ndani ya neno "na wengineo." Na wengineo, hamjambo?

(Hatujambo, tukajibu wale tuliosikia. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma kama mzee mwenye pumu. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, na yale ya Kiingereza nayaandika kama yalivyoingia sikioni mwangu. Atakayeona makosa amfuate mwenye mdomo, mimi aniache.)

Ndugu wananchi, leo ni siku kubwa, na ukubwa wake siusemi mimi, umesemwa katika taarifa niliyoiandika mimi. Nilipoteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Vyombo vya Moto, siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha ofisi, nikakizungusha mara mbili, nikatazama dirishani, nikajiuliza swali ambalo hakuna mtangulizi wangu aliyewahi kupata nafasi ya kujiuliza, kwa sababu wao walikuwa wanafanya kazi: je, chombo kisichokuwa na moto ni chombo cha moto? Gari la umeme halichomi mafuta, halitoi moshi, halina ekzosi, halingurumi. Hata ukisimama nyuma yake hukohoi. Sasa tunalikagua kwa kipengele kipi? Swali hilo, ndugu zangu, lilininyima usingizi mpaka nikalazimika kwenda nje ya nchi mara tatu kulala. (Makofi ya meza kuu. Sisi wa juani mikono yetu ilikuwa kazini, inakinga macho.)

Huko nje nilifanya benchimaki, nikafanya fizibiliti stadi, nikafanya na picha. Niliporudi nikawaita stekiholda wote katika ukumbi wenye viyoyozi, tukakaa siku nne, tukatoka na roadimapu yenye nguzo saba, na kila nguzo ina nguzo ndogo tano, na kila nguzo ndogo ina mratibu, na kila mratibu ana kiti. Tunda la viti hivyo ndilo hili mnaloliona leo mbele yenu: Kituo Maalumu cha Kisasa cha Ukaguzi wa Magari ya Umeme. (Akanyoosha mkono kuelekea nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi ya kijani juzi, maana mtoto mmoja aliyeliegemea alikuwa ameondoka na mgongo wa kijani. Juu ya geti paliwambwa kitambaa kirefu chenye picha ya jengo la vioo. Nyuma ya kitambaa hatukuona jengo.)

(Na hapa niseme kilichonileta, nisije nikaonekana nilifuata soda ya bure. Mjukuu wangu ana gari la umeme, dogo, alilinunua kwa mtu. Kwa gari hilo huwachukua wagonjwa wanne wa figo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akawapeleka hospitali kusafishwa damu na kuwarudisha makwao. Stika yake ya ukaguzi ilikuwa inakwisha Alhamisi hiyo hiyo ya hotuba, na askari wa geti la hospitali ameshasema: Ijumaa, gari lisilo na stika haliingii. Tulikwenda yadi ya zamani. Kompyuta yao swali la kwanza ni moshi: ingiza mrija kwenye ekzosi. Ekzosi hakuna. Usipoingiza mrija, kompyuta haifungui ukurasa wa pili. Yule mwenye kompyuta akatuambia, "Mama, kwa mashine hii gari lenu halijafika." Nikamwambia, "Halijafika wapi, na wewe umeliegemea?" Akatuandikia kikaratasi: nendeni kituo kipya, kinafunguliwa Alhamisi. Ndiyo tukaja, gari tukaliegesha pembeni ya turubai, mjukuu wangu ameshika funguo kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.)

Kituo hiki, ndugu wananchi, kina laini tatu za ukaguzi zinazoendeshwa kidijitali. Kina mashine ya kupima breki, mashine ya kupima betri, na mashine ya kupima kama mashine hizo mbili zinapima. Kina chumba cha kungojea chenye televisheni, chumba cha wageni mashuhuri, na chumba cha kungojea chumba cha wageni mashuhuri. Kina efishensi, kina transparensi, na ikifika mwisho wa mwaka wa fedha kitakuwa na maji. Wapo waliobeza. Wapo waliosema Mkurugenzi huyu ana maneno mengi. Leo nawauliza, je, maneno hayo hayakuzaa? (Hayakuzaa! akasema fundi mmoja nyuma yangu. Meza kuu wakadhani anakubali, wakapiga makofi.)

Sasa naomba niingie kwenye takwimu, kwa maana hotuba bila takwimu ni salamu. Katika miezi sita ya pailoti projekti yetu, hapa hapa kwenye geti hili, magari ya umeme yaliyopita ni mia nne na kumi na mbili. Yaliyoshindwa kupita: sifuri. Sifuri, ndugu wananchi! Chukueni mia nne na kumi na mbili, mgawanye kwa mia nne na kumi na mbili, mzidishe kwa mia, mtapata asilimia mia moja, na msipoipata rudieni. Magari ya mafuta kule yadi ya zamani hupita sita katika kumi, mengine hurudishwa kwa breki, kwa taa, kwa bodi kuoza, kwa moshi mweusi kama chungu. Maana yake kisayansi ni kwamba gari la umeme ni chombo kisichojua kuharibika, na kwa mujibu wa projekshen yetu mwaka ujao tutafikia asilimia mia na ishirini, na hizo ishirini za ziada tutawapa jirani zetu ambao hawakujaaliwa uongozi kama huu. (Makofi, vigelegele vya wale wamama waliovalishwa fulana.)

(Mimi nikasimama. Mjukuu wangu akanivuta nguo, "Bibi, kaa." Sikukaa; nimekaa vya kutosha katika maisha haya. Nikasema kwa sauti yangu, ambayo haihitaji kipaza, "Mheshimiwa, tairi zake nazo ni za umeme?")

Bibi yangu, Bibi yetu sote, tunakuheshimu, shikamoo. Maswali ni mwishoni mwa ratiba.

("Marahaba. Mwishoni mwa ratiba ofisi itakuwa imefungwa, na stika ya huyu mtoto inakwisha leo. Nimekuuliza tairi. Na breki. Na kioo cha mbele. Gari lisilotoa moshi si malaika, lina miguu kama mengine. Katika hayo mia nne yako, lipo hata moja ambalo mtu aliinama chini yake akalitazama?")

Swali zuri, swali la kizalendo, na nimefurahi limeulizwa na mtu wa rika lako, kwa sababu linadhihirisha kwamba elimu yetu kwa umma imefika hadi kwa wale ambao hatukuitarajia. Bibi, mimi sifanyi kazi kwa hisia, nafanya kazi kwa data, na data yangu ina mwenyewe. Mlinzi! Mlinzi wetu shupavu wa geti hili, njoo mbele na rejista, uwasomee wananchi jinsi magari haya yalivyopita.

(Mlinzi akaja. Mtu mzima, kofia ameishika mkononi, daftari amelitia ndani ya mfuko wa plastiki lisipate vumbi. Mtu mwangalifu, hilo nalisema. Akafungua ukurasa wa kwanza akasoma, "Jumatatu, saa mbili na robo, gari la umeme limepita. Saa tatu, gari la umeme limepita. Saa tatu na dakika tano, limepita tena, linarudi."

Nikamuuliza, "Linarudi kutoka wapi, baba?"

"Kutoka walikokwenda, mama. Sijui. Walikuwa na haraka."

"Ulilikagua?"

"Nilikagueje, mama, na lilikuwa linakimbia? Mimi nimekaa pale kwenye stuli. Nimeambiwa niandike magari ya umeme yanayopita. Likipita, naandika. Yale yenye ngazi juu."

Kisha yule fundi wa nyuma yangu akasema, "Subiri. Yenye ngazi juu? Yale ya watu wa umeme, wanaokuja kukata?"

"Na kurudisha," mlinzi akasema, kwa haki. "Lakini ya kurudisha ni machache."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwanamke mmoja mwenye fulana akakaa chini akijifuta machozi. Mlinzi wa watu hakuelewa kinachochekesha; akaongeza kwa uaminifu, "Na kweli hakuna lililoshindwa kupita. Moja lilipata pancha hapa mbele. Nikasubiri. Likazibwa, likapita.")

Utulivu, ndugu wananchi. Utulivu! Katibu, andika kwamba kumekuwa na shamrashamra. Ndugu zangu, tusimcheke mtumishi wa umma aliyetumia methodoloji. Lugha yetu ni tajiri, na neno kupita ni neno pana kuliko barabara hii. Mwanafunzi hupita darasa, mgombea hupita bila kupingwa, mvua hupita, hata shida nazo hupita, na hakuna aliyewahi kuziinamia chini na tochi. Gari lenye ngazi ni gari, na ni la umeme kwa maana ya umiliki. Limepita, kwa maana ya barabara. Sasa kosa liko wapi? Ofisi yangu ingejua mapema kwamba wananchi wanapendelea maana nyingine ya neno hili, ingeunda kamati ya msamiati. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na barua yangu ya uteuzi, natamka rasmi kwamba gari lolote la umeme, la aina yoyote, litakalopita mbele ya geti hili limepita. Na ili kuonyesha kwamba serikali ina masikio, Bibi, gari la mjukuu wako lipite hapo sasa hivi, mlinzi aandike, nitoe stika kwa mkono wangu, picha ipigwe, tuendelee na ratiba. Stika zipo. Zimeshachapishwa elfu tano.

(Katibu akainua boksi, na kweli, stika zimejaa, zinang'aa, namba zimefuatana.

Mjukuu wangu akaniinamia sikioni. "Bibi, tuchukue. Kesho saa kumi na moja alfajiri yule mgonjwa wangu mwalimu ananisubiri barazani. Akikosa siku moja tu anavimba miguu. Tuchukue twende."

"Gari ni zima?"

Akageuzageuza funguo mkononi.

"Nimekuuliza wewe, gari ni zima?"

"Breki inasaga. Tangu wiki iliyopita. Ukikanyaga sana, inasaga."

Hapo nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Nikamwambia, na walio karibu walisikia, "Mtu akishasafishwa damu hana hata nguvu ya kufunga mkanda, unamfunga wewe. Halafu unataka breki yake iwe daftari?" Nikageuka kwa yule Mheshimiwa. "Mwanangu, ahsante, stika ya kupita sitaki. Nataka ya kukaguliwa. Fungua geti, ingiza gari kwenye hizo laini zako tatu.")

Bibi, nia yako ni njema, lakini geti lina utepe, utepe una ratiba, na ratiba ina mkasi ambao ulikuwa uje na mgeni rasmi. Aidha, mitambo ya kisasa haiwashwi hovyo kama jiko. Kuna suala la kaliburesheni. Kuna suala la wataalamu, ambao wako katika hatua ya kuwa katika mchakato.

("Mkaguzi huyu hapa," nikasema, nikamshika mkono yule fundi wa nyuma yangu nikamtoa mbele. Huyu tunamwita Spana. Ana kibanda cha tairi ng'ambo ya barabara, na kabla ya hapo alikuwa mkaguzi yadi ya zamani miaka kumi na tisa, mpaka walipoleta kompyuta wakamwambia macho yake hayahitajiki tena. Cheti chake cha ukaguzi bado kimening'inia kibandani, kimepata mafuta lakini kinasomeka. Spana akasema, "Mimi sina neno. Nina jeki, nina tochi. Mheshimiwa akiruhusu." Watu wote wakamgeukia Mheshimiwa. Mpiga picha naye akamgeukia, na kamera. Mheshimiwa akaona kamera, akatabasamu, na ukishatabasamu mbele ya kamera huwezi tena kukataa.)

Ndugu wananchi, kama nilivyopanga tangu mwanzo, sasa tutashuhudia onyesho la moja kwa moja, ambalo halikuandikwa kwenye ratiba kwa makusudi ili liwe na mvuto. Wakati mtaalamu wetu mshirikishi akiendelea, mimi nitaendelea kuwaeleza mafanikio. Fanikio la kwanza ni kwamba ofisi yangu sasa ina nembo. Nembo hiyo ina gari, ina radi, na ina mkono wangu. Fanikio la pili (Taa ya nyuma kushoto! akapaza sauti Spana. Inawaka, akajibu mjukuu wangu) fanikio la pili ni kapasiti bildingi, ambapo maofisa thelathini wamejengewa kapasiti katika hoteli, na wote wamerudi wakiwa na kapasiti zaidi ya waliyoondoka nayo, hasa kiunoni. Fanikio la tatu...

("Limefeli!" Spana akatoka chini ya gari, mgongo vumbi tupu.)

Limefanya nini?

("Limefeli, Mheshimiwa. Tairi ya nyuma kulia imelika upande wa ndani, huioni mpaka uiname. Haya magari ni mazito, betri zake kama kubeba ng'ombe chini ya kiti, tairi zinaisha upesi. Na breki za nyuma zimeshika kutu. Ukiachia mguu gari linajizuia lenyewe kwa mota, sasa breki zinalala wiki nzima bila kazi. Kitu kisichofanya kazi kinashika kutu." Alisema hivyo akimtazama mjukuu wangu, lakini meza kuu wote waliinamisha vichwa.)

Ndugu wananchi, tusiichukue habari hii kwa pupa. Kilichofeli hapa ni tairi na kutu, vitu vya zamani kabisa. Umeme wenyewe haujafeli. Hata hivyo, Katibu ananikumbusha kwamba kwa kuwa gari lililokaguliwa ni moja na lililofeli ni moja, takwimu yetu kwa sasa imesimama kwenye... Katibu, usiitaje. Tutaisubiri. Takwimu ni kama uji, huwezi kuusema mtamu ukiwa bado jikoni.

(Tukasubiri. Mjukuu wangu akatoa tairi ya akiba kwenye buti, nzima, haijagusa lami. Spana akaifunga, akafungua breki, akazisugua kwa msasa mpaka chuma kikacheka, akazirudisha. Watu wa juani wakaacha maongezi yao wakaja kuzunguka gari. Turubai likabaki na meza kuu na soda zao. Kisha Spana akachora mstari wa chaki barabarani akasema, "Sasa breki. Aje kwa kasi ya kawaida, akifika kwenye jiwe lile akanyage, asivuke mstari. Tuweke kitu hapa kwenye mstari tuone." Mmoja akaleta debe. Nikasema debe halina uchungu. Nikapanda kwenye jukwaa, nikachukua kile kiti kikubwa cha Mheshimiwa, chekundu, chenye mikono ya dhahabu, nikakiburura mpaka kwenye chaki.)

Bibi! Bibi, hicho ni kiti cha ofisi! Mlinzi, mzuie... Bibi, kiti hicho kimeazimwa... kiti hicho kina hadhi!

("Si yamepita asilimia mia?" nikamwambia. "Basi kiti chako kina hofu gani? Wagonjwa wanne wanakaa ndani ya gari hilo mara tatu kwa wiki. Wewe weka kiti tu, mara moja."

Hapo hakuna aliyecheka. Mheshimiwa akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mjukuu wangu akaingia garini. Gari lile huwa halina sauti, linakuja kama wazo. Tulichosikia ni kokoto tu. Likafika kwenye jiwe. Akakanyaga. Gari likainama pua, likasimama. Spana akapiga magoti, akapima kati ya bampa na kiti kwa mkono. "Shubiri moja," akasema. "Halisagi, halivuti upande." Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema neno ambalo mlinzi aliliandika papo hapo kwenye ukurasa mpya bila kuambiwa. "Limekaguliwa. Limepita.")

Asilimia mia moja! Ndugu wananchi, nilisema nini? Gari moja limekaguliwa, gari moja limepita, na lile la kwanza lililofeli halihesabiki kwa kuwa lilikuwa hili hili kabla halijafunguliwa macho. Nani tena atabeza? Lete stika, Katibu. Lete kalamu. Si hiyo, ile yenye wino. Stika namba moja, kati ya elfu tano, ya Kituo Maalumu cha Kisasa, naitia saini mbele yenu nikiwa nimesimama, na naagiza ripoti iandikwe leo kwamba kituo kimeanza kazi kwa mafanikio makubwa, na mgongo wa mtaalamu usionekane kwenye picha kwa sababu una vumbi.

(Nikaipokea kwa mikono miwili, maana adabu ninayo hata pasipo na mwenye kuistahili. Nikasoma herufi moja moja: namba ya gari ndiyo, tarehe ndiyo, saini ndiyo, mhuri hakuna. Nikamrudishia. "Mhuri." Akagonga mhuri. Mjukuu wangu akaibandika kwenye kioo, akailainisha kwa kidole gumba mara nyingi kuliko inavyohitaji.)

Sasa tufunge kwa kaulimbiu. Nikisema "Umeme!", nyote mseme "Umepita!" Umeme! (Umekatika!) Hapana, ndugu zangu, tuwe pamoja. Umeme! (Umekatika!) Ukaguzi! (Una ngazi juu!) Ahsanteni, nimeona hamasa, inatosha.

Mwisho kabisa, kwa unyenyekevu mkubwa, napenda kutoa shukrani. Namshukuru Bibi yetu kwa kutuletea gari, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na gari. Namshukuru fundi wa tairi, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na mkaguzi. Naishukuru jeki yake, ambayo ndiyo mitambo. Naishukuru chaki, ambayo ndiyo laini ya kwanza kati ya zile tatu. Nawashukuru waliochapisha stika elfu tano kwa wakati, kwa kuwa wao hawakuhitaji kituo ili wafanye kazi yao. Namshukuru aliyetuchorea kitambaa, ambaye jengo lile la vioo alilitoa kichwani mwake mwenyewe, na tunamwomba akipata nafasi atuambie milango iko upande gani. Kwa namna ya pekee namshukuru mwenye kiwanja hiki, anayekausha mbao zake hapo nyuma, aliyekubali kutuazima geti lake kwa miezi sita na leo anakuja kupitishia mbao zake humo, hivyo naomba tutoke kwa utaratibu na msiegemee rangi. Na kuhusu kituo chenyewe, ndugu wananchi, niwatoe hofu: kitajengwa, mara tu tutakapopata kiwanja, mkandarasi na sababu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Haya ya mwisho tuliyasikia tukiwa ndani ya gari, kipaza sauti kinatufuata mpaka kona. Hatukurudi kupiga makofi. Tulipita tu kibandani kwa Spana kurudisha jeki, maana alikuwa ameisahau chini ya kiti chetu, kisha tukaenda moja kwa moja nyumbani kulichomeka gari kwenye chaji. Mwalimu huchukuliwa saa kumi na moja, na hapendi kusubirishwa.)